Nabii akikosea, mimi nibaki na nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimezaliwa katika familia ya waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo wengi huliita la Wamormoni. Ninasoma biolojia chuo kikuu, mwaka wa pili. Mwalimu wetu wa Shule ya Jumapili alisema anayekubali mageuko ya viumbe hawezi kuwa muumini wa kweli. Nilipoanza kusoma mwenyewe ili nimjibu, nikakutana na jambo zito zaidi: kwamba hadi mwaka 1978 watu weusi walinyimwa ukuhani, ambao kwetu hupewa wanaume waumini wa kawaida, na baraka za hekaluni. Mimi ni mweusi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilikuwa najiandaa kwenda misheni, na sasa sijui hata kama nina ushuhuda. Je, nabii anaweza kukosea kiasi hicho na bado akawa nabii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza maswali mawili ukayafunga pamoja, na nadhani hapo ndipo fundo lilipokaza. La mageuko ya viumbe ni jepesi kuliko unavyodhani. La mwaka 1978 ni zito kuliko watu wengi watakavyokuambia. Tuanze na lile jepesi, kisha tukae na lile jingine bila haraka.

Mimi nami nilibatizwa katika kanisa hili nikiwa na miaka minane, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kufundisha historia ya dini. Kwa hiyo sikujibu kama mtu anayechungulia kupitia dirishani, wala kama msemaji wa kanisa.

Mwalimu wako hakulitunga lile wazo kichwani mwake. Mwaka 1909, miaka hamsini baada ya kitabu cha Darwin kutoka, Urais wa Kwanza, yaani rais wa kanisa, ambaye waumini humwita nabii, pamoja na washauri wake, chini ya Joseph F. Smith ulitoa tamko kuhusu asili ya mwanadamu. Lilisema Adamu ndiye mtu wa kwanza, na kwamba fikra za binadamu kutokana na viumbe wa chini ni nadharia za watu. Miaka miwili baadaye, katika chuo kikuu cha kanisa kule Provo, Utah, walimu watatu waliofundisha mageuko na uchambuzi mpya wa Biblia walilazimika kuondoka. Hapo mwalimu wako angesema, umeona?

Lakini historia haikuishia hapo. Mwaka 1925, wakati mwalimu mmoja wa Tennessee alipofikishwa mahakamani kwa kufundisha mageuko na Marekani yote ikawa inabishana, Urais wa Kwanza chini ya Heber J. Grant ulitoa tamko fupi lililochotwa kutoka lile la 1909. Maneno ya kuipinga nadharia yenyewe hayakuwemo tena. Kisha ukaja mgogoro wa viongozi wenyewe. B. H. Roberts, mwanahistoria na mmoja wa viongozi wakuu, aliamini kwamba uhai na kifo vilikuwepo duniani muda mrefu kabla ya Adamu. Joseph Fielding Smith, mmoja wa mitume wanaoliongoza kanisa chini ya rais, akashikilia kwamba hapakuwa na kifo cha kiumbe chochote kabla ya Anguko la Adamu. Kila mmoja aliwasilisha hoja zake mbele ya mitume, na Aprili 1931 Urais wa Kwanza ukaamua: msimamo wa huyu si mafundisho ya kanisa, na wa yule pia si mafundisho ya kanisa. Viongozi wakaambiwa waiachie sayansi mambo ya jiolojia, biolojia, akiolojia na anthropolojia, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu wokovu wa roho za watu. Agosti ya mwaka huo huo James E. Talmage, mtume ambaye kwa taaluma alikuwa mwanajiolojia, alisimama katika Tabenakulo la Salt Lake akaeleza juu ya mimea na wanyama walioishi na kufa zama nyingi kabla ya mwanadamu. Kanisa likaichapisha hotuba hiyo.

Basi ukienda kuomba kibali cha hekaluni, utaulizwa juu ya Mungu Baba, Yesu Kristo, usafi wa maisha, zaka, Neno la Hekima (kanuni ya kujiepusha na pombe, tumbaku, chai na kahawa) na uaminifu wako kwa watu. Hutaulizwa umri wa dunia. Hutaulizwa kama sokwe na binadamu wana babu mmoja. Na katika chuo kile kile cha Provo, mageuko leo hufundishwa darasani kama msingi wa biolojia. Hata yule Henry Eyring, mkemia aliyeipa dunia nadharia inayoeleza mwendo wa mabadiliko ya kikemia mwaka 1935, alikaa katika kanisa hili hadi kufa kwake mwaka 1981. Alipenda kusimulia wosia wa baba yake alipokuwa anaondoka nyumbani kwenda chuo: kwamba katika dini hii hulazimiki kuamini jambo lolote lisilo kweli. Kijana wa sayansi akipewa wosia kama huo anaweza kutembea nao mbali.

Nikuongezee jambo moja kuhusu Joseph Fielding Smith, kwa sababu ni yeye aliyeupanda msimamo wa mwalimu wako katika fikra za waumini wengi. Aliendelea kupinga mageuko kwa maandishi kwa miaka mingi. Mwaka 1961 alisema kwamba mwanadamu hatafika mwezini. Julai 1969 mwanadamu akafika. Januari 1970, Joseph Fielding Smith akawa rais wa kanisa, na waumini wakamkubali kuwa nabii. Siyasemi haya kumdhihaki. Alikuwa mtu aliyeyajua maandiko kuliko wengi wa kizazi chake. Nayasema kwa sababu swali lako la mwisho, nabii kukosea, limo humo ndani tayari. Alichosema miaka tisa kabla hakikuwazuia kumkubali; wito wake haukusimama juu ya mwezi.

Kwa kuwa unasoma biolojia, lipo jambo jingine utakalokutana nalo, na ni afadhali ukutane nalo kwangu. Kitabu cha Mormoni, maandiko yaliyotolewa na Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hili, kinasimulia juu ya familia ya Lehi iliyotoka Yerusalemu yapata miaka 600 kabla ya Kristo ikafika Amerika. Vinasaba vya wenyeji wa Amerika vinaonyesha kwamba mababu zao walitoka Asia. Dibaji iliyowekwa mwaka 1981 ilisema Walamani, sehemu ya uzao wa Lehi, ndio mababu wakuu wa wenyeji hao. Tangu toleo la 2006 imeandikwa kwamba wao ni miongoni mwa mababu. Neno moja limebadilika, na lina uzito mkubwa. Watetezi wanasema kikundi kidogo kinaweza kupotea ndani ya umati bila kuacha alama katika vinasaba. Kwa biolojia hilo linawezekana, nawe unajua jinsi linavyotokea. Lakini kuwezekana si kuthibitika, na usikubali mtu akuambie kwamba vinasaba vimekithibitisha kitabu. Kuhusu Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Joseph Smith alisema alikitafsiri kutoka mafunjo ya Misri, nitapita haraka: vipande vya mafunjo vilivyorudishwa kwa kanisa mwaka 1967 vimesomwa na wataalamu wa Misri, nao wameona ni maandishi ya mazishi. Kanisa lenyewe limeandika kwamba maandishi yaliyo kwenye vipande hivyo hayalingani na tafsiri ya Joseph Smith. Unaweza kukiheshimu kitabu kama maandiko, lakini huwezi kukitetea kwa kuyaficha mafunjo.

Sasa tuje kwenye lile linalokuuma.

Nilipokuwa na umri wako niliuliza swali hili darasani, kanisani. Aliyekuwa akifundisha alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Hatujui kwa nini. Bwana ana sababu zake.” Alikuwa mtu mwema, na ndivyo naye alivyofundishwa. Lakini jibu lile lilinichukua miaka kulitoa moyoni, kwa sababu lilimtwika Mungu mzigo ambao si wake. Na si kweli kwamba hatujui. Tunajua mengi.

Tunajua kwamba mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai na akiliongoza kanisa, mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alitawazwa katika ukuhani. Alihubiri misheni, na alikufa mwaka 1884 akiwa bado na ukuhani wake. Tunajua kwamba ilipofika 1852, Brigham Young, aliyemrithi Joseph Smith, alitangaza mbele ya bunge la Eneo la Utah kwamba watu weusi hawatashika ukuhani, na sababu aliyoitoa ni laana ya Kaini. Hoja hiyo haikutoka katika ufunuo wowote wa Joseph Smith. Ilikuwa imeenea miongoni mwa Wakristo wa Marekani waliotafuta namna ya kuuhalalisha utumwa. Na bunge lile la 1852 lilikuwa na mswada wa utumwa mezani. Mwaka 1973 daktari wa tiba, Lester Bush, muumini, alichapisha makala ndefu iliyofuatilia nyaraka hatua kwa hatua, na hakupata ushahidi kwamba katazo lilianza kwa Joseph Smith.

Utaambiwa Brigham Young alikuwa mtu wa wakati wake. Hapa nakuomba usikubali upesi. Katika bunge lile lile, mwaka ule ule, Mtume Orson Pratt alisimama akaupinga mswada wa utumwa. Naye alikuwa mtu wa wakati ule. Alikula chakula kile kile, alivuka nyika zile zile, alisoma maandiko yale yale. Elijah Abel naye alikuwa mtu wa wakati ule. Jane Manning James pia.

Nataka umjue mama huyu. Alizaliwa Connecticut, mwanamke mweusi asiye mtumwa, akabatizwa, na mwaka 1843 akaanza safari na ndugu zake kwenda Nauvoo, Illinois, mahali Watakatifu walipokusanyika. Walipofika Buffalo hawakuruhusiwa kuendelea na safari ya majini, kwa hiyo wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,200. Aliishi na kufanya kazi nyumbani kwa Joseph Smith. Mwaka 1847 alifika Bonde la Salt Lake pamoja na waanzilishi. Kisha kwa miaka mingi aliandika na kuomba kwa viongozi aruhusiwe kupokea baraka za hekaluni kama dada zake wengine. Katika barua ya mwaka 1884 aliuliza, je, hakuna baraka kwa ajili yangu? Mwaka 1894 wakamfanyia ibada ya kumuunganisha na familia ya Joseph Smith kwa umilele. Si kama binti. Kama mtumishi. Naye hakuruhusiwa kuwepo ndani. Mtu mwingine alisimama badala yake. Aliendelea kuomba. Alikufa mwaka 1908, na rais wa kanisa alizungumza katika mazishi yake.

Kila ninapofundisha sehemu hii sauti hunikatika. Mama huyu aliielewa Injili ya Urejesho kuliko watu waliomnyima mlango. Katika 2 Nefi 26:33, Kitabu cha Mormoni chenyewe kinasema Bwana humkaribisha mweusi na mweupe, mtumwa na aliye huru, na kwamba wote ni sawa mbele zake. Maneno hayo yalichapishwa Machi 1830. Yalikuwa mezani muda wote huo.

Ilichukua hadi Juni 1978. Hekalu lilikuwa linajengwa São Paulo, Brazil, katika nchi ambayo damu zimechanganyika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema nani azuiwe na nani aingie. Kule Ghana, Joseph William Billy Johnson alikuwa amehubiri Kitabu cha Mormoni tangu 1964, ameanzisha makusanyiko, naye hajabatizwa kwa sababu hakuna aliyekuja kumbatiza. Nigeria, Anthony Obinna aliandika barua akiomba wamisionari. Spencer W. Kimball, rais wa kanisa wakati huo, alikuwa akiingia peke yake hekaluni Salt Lake kuomba, siku baada ya siku, hadi yeye na mitume wakasema wamepokea jibu. Tangazo lenye tarehe ya Juni 8 lilitolewa hadharani Juni 9. Kabla mwaka haujaisha, Obinna na Johnson na mamia ya watu wao walikuwa wamebatizwa.

Agosti mwaka huo Mtume Bruce R. McConkie, ambaye mwenyewe alikuwa ameandika na kutetea zile sababu za zamani, aliwaambia walimu wasahau yote aliyosema yeye, au Brigham Young, au mwingine yeyote, yanayopingana na ufunuo huo. Kwamba walikuwa wamesema wakiwa na ufahamu mdogo. Namheshimu kwa hilo. Desemba 2013 kanisa likachapisha maelezo rasmi yanayokana kwamba ngozi nyeusi ni laana, au ni ishara ya matendo mabaya kabla ya kuzaliwa. Sijaona ndani yake neno la kuomba radhi, na ninaamini neno hilo lilistahili kuwemo. Nakuambia hivyo nikiwa muumini.

Kwa hiyo, nabii anaweza kukosea? Mwalimu wako pengine atakutajia maneno ya Wilford Woodruff, aliyekuwa rais wa kanisa, kwamba Bwana hatamruhusu rais wa kanisa awapotoshe watu. Yasome mahali yaliposemwa. Ilikuwa Oktoba 1890. Kanisa lilikuwa limetoka kutangaza mwisho wa ndoa za wake wengi, na watu walikuwa wanalia wakidhani wamemsaliti Mungu. Woodruff alikuwa anawatuliza kwamba kuacha si kuasi. Kuyageuza maneno hayo yawe bima ya kila neno la kila rais tangu Brigham Young ni kuyabebesha mzigo yasiokuwa nao. Kisha fungua sehemu ya kwanza kabisa ya Mafundisho na Maagano, kitabu cha funuo za kanisa letu. Pale inasemwa kwamba amri zilitolewa kwa watumishi katika udhaifu wao, kwa namna ya lugha yao, na kwamba kadiri walivyokosea ijulikane. Ni maandiko yenyewe yanayosema kosa lijulikane. Anayekuficha historia hii hailindi imani yako. Anakunyima kile ambacho Bwana alisema kifanyike.

Na wala usidhani haya ni mambo ya kale tu. Novemba 2015 ilitoka kanuni iliyowazuia watoto wanaoishi na wazazi wa jinsia moja wasibatizwe hadi watimize miaka 18. Kiongozi wa juu aliieleza kama mapenzi ya Bwana. Aprili 2019 ikaondolewa. Kati ya tarehe hizo mbili kuna familia ambazo hazikurudi tena kanisani, na mimi nazikumbuka baadhi kwa majina.

Hukuniuliza maana ya ushuhuda, ila umesema hujui kama unao. Nadhani ulifundishwa, kama mimi, kwamba joto kifuani likija, basi kila kitu ni kweli kwa mkupuo: Mungu, Joseph Smith, umri wa dunia, ukoo wa Walamani, uamuzi wa kila kamati. Hapo ndipo vijana wengi huanguka, maana jiwe moja likitoka wanadhani ukuta wote umekwenda. Mimi siamini kwamba hisia ile ni bure. Imenibadilisha, imenifanya niombe radhi mahali nilipokuwa nimekataa, imenipeleka kwa wagonjwa. Inanieleza nielekee wapi na niwe mtu gani. Lakini hainiambii chochote kuhusu vinasaba. Alma katika sura ya 32 analinganisha neno na mbegu: lipande, uone kama linakua, na litunze likikua. Mbegu moja, shamba moja. Hakusema ukiona hindi limeota basi kila punje ghalani ni nzima.

Kwa hiyo ukikaa chini, jiulize hasa umeonja nini. Kama umemwonja Mungu katika sala, au katika meza ya sakramenti, au katika namna kata yenu, yaani usharika wenu, ilivyomzika mtu asiye na ndugu, hicho ni chako, na Brigham Young hawezi kukuondolea. Kama hujaonja kitu na umekuwa ukirudia tu maneno ya wazazi, hilo nalo ni jibu la kweli, na si dhambi kulijua ukiwa na miaka yako hiyo. Wapo waliosoma niliyosoma mimi wakaondoka. Siwaoni kuwa dhaifu. Jane Manning James alijua yote haya kwa mwili wake na akabaki, na mimi siwezi kusema ninamjua vizuri zaidi kuliko alivyojijua.

Kuhusu misheni, usiende bado. Sikuzuii moja kwa moja. Nakuomba ungoje hadi uweze kusimulia kisa cha 1852 na 1978 mbele ya mtu mzima anayekuuliza, bila kusoma, bila kutafuta visingizio, na bila kumwambia “hatujui kwa nini”. Utaulizwa hakika, tena na watu weusi kama wewe, waliokuamini wakakukaribisha sebuleni mwao. Zungumza na askofu wako mapema, umwambie ulichosoma, uone anavyopokea. Akikusikiliza, umepata mwenzi wa safari. Akikukemea, nenda kwa rais wa kigingi, anayesimamia kata kadhaa, au uniandikie tena.

Na mwalimu wa Jumapili, mchukulie lile tamko la Aprili 1931, umpe kwa heshima baada ya darasa, si mbele ya wenzake. Kisha umuulize kama amewahi kusikia habari za mama aliyetembea kutoka Buffalo. Mwambie pia kwamba mwaka 1979, miaka 71 baada ya kuzikwa kwake, watu waliingia hekaluni kwa niaba ya Jane Manning James na kupokea ile baraka aliyoiomba.